Shule ya Kwanza ni Nyumba Yetu

Sikukuu ya Familia Takatifu, Mwaka C
Masomo: YbS 3:2-6, 12-14, Kol 3:12-21, Lk 2:41-52

Ndugu wasikilizaji wapendwa, Noeli imepita siku chache tu. Pango bado limo kanisani, na katika nyumba nyingine matawi yaliyopamba mlango yameanza kukauka. Katika siku hizi Mama Kanisa anatualika tuingie katika nyumba ya Nazareti, tumtazame Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu jinsi alivyolelewa na jinsi alivyokua.

Injili ya leo inatuonyesha Yesu akiwa na umri wa miaka 12. Wazazi wake walimtafuta kwa uchungu, na baada ya siku tatu wakamkuta hekaluni, ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Wote waliomsikia walistaajabia akili yake. Sisi nasi, kila tuisikiapo habari hiyo, hustaajabu pamoja nao, kisha tukaipita. Leo tusiipite upesi. Tujiulize swali moja: kabla ya kuketi kati ya walimu wa Yerusalemu, kijana huyu alikuwa ameketi na nani?

Tunaungama kwamba yeye ni Mwana wa Mungu. Lakini Mwinjili Luka anatuambia waziwazi kwamba alikua pia katika hekima, kama alivyokua katika kimo. Alijifunza kutembea, alijifunza kusema, na alijifunza kusali. Alijifunza wapi? Luka anatupa jibu kwa maneno machache tunayoweza kuyaruka: wazazi wake walikuwa na desturi ya kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Walikwenda kila mwaka. Kabla mtoto hajawauliza walimu swali lolote, alikuwa ameona mama yake akifunga mizigo ya safari, na amemwona Yosefu akiweka chini vyombo vya useremala ili kwenda kumwabudu Mungu. Torati nayo ilikuwa imewaagiza wazazi wa Israeli wawafundishe watoto wao maneno ya Mungu wanapoketi nyumbani, wanapotembea njiani, wanapolala na wanapoamka. Ndugu wapendwa, katika agizo hilo hakuna darasa wala ubao. Kuna nyumba, kuna njia, kuna kitanda na kuna alfajiri.

Siku hizi tunasikia habari za familia za Kikristo, hasa katika nchi ya Marekani, ambazo huwafundisha watoto wao nyumbani masomo yote: kusoma, hesabu, historia na dini. Tangu mwaka 1993 jambo hilo linaruhusiwa na sheria katika majimbo yote 50 ya nchi ile. Asubuhi familia husali pamoja, kisha meza ile ile ya chakula hugeuka kuwa dawati, na mama au baba hugeuka kuwa mwalimu. Baadhi yetu tunawasifu, na baadhi yetu tunashangaa. Kwetu hali ni nyingine. Sheria za nchi zetu zinawataka wazazi wawapeleke watoto shule, na wazazi wengi huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza ili kutafuta riziki. Wala Kanisa halijapata kuzidharau shule. Wengi wa babu zetu walijifunza kusoma kwa katekista, chini ya mti au barazani kwake, na kitabu chao cha kwanza kilikuwa Katekisimu.

Hata hivyo, familia zile zinatuuliza swali ambalo hatuwezi kulikwepa. Wao wanajua kwamba nyumba yao ni shule, na kwa hiyo wanajiandaa. Sisi nyumba zetu ni shule pia, lakini wengi wetu hatujui. Mtoto hujifunza nyumbani kila siku, tutake tusitake. Je, anajifunza nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani, na ukawataja wazazi kuwa wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Mwaka uliofuata, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo, Mtaguso huo ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu, na kwamba pale wanapokosekana ni vigumu sana kupata wa kushika nafasi yao. Nao Maaskofu wa Afrika, katika Sinodi ya mwaka 1994, walichagua kulieleza Kanisa lote kuwa ni Familia ya Mungu. Haya ni mafundisho makubwa. Ili tuyaelewe vizuri, tuingie katika nyumba moja.

Ni nyumba ya Louis Martin na mkewe Zélie, katika mji wa Alençon nchini Ufaransa. Wengi wetu tunamjua binti yao wa mwisho, kwa maana parokia na vigango vingi kwetu vina jina lake: Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni, ambaye Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997. Wazazi wake nao walitangazwa kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015. Lakini wakati tunapobisha hodi katika nyumba yao, hakuna hata mmoja aliyekwisha kuitwa mtakatifu. Yupo fundi saa, yupo mfuma lesi, na wapo watoto.

Louis na Zélie walifunga ndoa mwaka 1858, wakajaliwa watoto tisa. Wanne walikufa wangali wadogo. Tusilipite jambo hilo, kwa sababu miongoni mwetu wapo wazazi wengi wanaojua maana yake. Wakabaki mabinti watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline na Teresia. Zélie alikuwa na kazi nyingi. Aliwasimamia wanawake waliofuma lesi majumbani mwao, naye alishona usiku hata macho yakachoka. Louis baadaye aliuza duka lake la saa ili amsaidie mkewe. Hawakuwa na nafasi kuliko sisi.

Lakini nyumba ile ilikuwa na mwendo wake. Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, mume na mke walikwenda Misa. Jumapili duka lilifungwa, ingawa wateja wangependa kununua siku hiyo na rafiki walimwambia Louis kwamba anajipotezea faida. Jioni familia ilipiga magoti pamoja mbele ya sanamu ya Bikira Maria, na mwezi wa Mei watoto waliipamba kwa maua. Kwaresima walifunga, ingawa Zélie alikiri wazi katika barua zake kwamba kufunga kulimtesa. Maskini alipobisha hodi, mtoto ndiye aliyetumwa kumpelekea sadaka, ili mkono mdogo uzoee kutoa.

Nyumba ile ilikuwa na masomo pia. Marie, binti mkubwa, aliporudi kutoka shule ya watawa, alimfundisha Céline nyumbani. Teresia alikuwa na miaka mitatu au minne tu, lakini hakukubali kubaki nje. Aliruhusiwa kuketi pembeni, kwa sharti kwamba anyamaze, naye alinyamaza saa nzima akitunga shanga au kushona kitambaa. Watoto hao walipewa nyuzi zenye shanga za kuhesabia matendo mema: kila walipojinyima kitu kidogo kwa upendo wa Mungu walisogeza ushanga mmoja. Mama yao alisimulia kwa furaha jinsi mdogo yule alivyotia mkono mfukoni mara kwa mara kusogeza shanga zake.

Zélie alifariki kwa saratani mwezi Agosti 1877, Teresia akiwa na miaka minne na nusu. Louis akahamia na binti zake katika mji wa Lisieux, na huko Pauline akawa mwalimu wa mdogo wake hadi mtoto alipofika umri wa miaka minane na nusu. Teresia mwenyewe alisimulia kwamba neno la kwanza aliloweza kulisoma peke yake lilikuwa na maana ya mbinguni. Alipenda Katekisimu na historia takatifu, lakini sarufi ilimtoa machozi. Watoto mnaotusikiliza, sikieni: Mwalimu wa Kanisa naye alilia kwa sababu ya sarufi!

Baada ya masomo, mchana, baba alimshika mkono wakatembea, na kila siku waliingia katika kanisa fulani kuabudu Sakramenti Kuu. Jioni mabinti walicheza na baba yao, wakasomewa kitabu juu ya sikukuu za mwaka wa Kanisa, kisha wakasali. Hapo Teresia anatupa ushuhuda ambao kila baba angefaa kuuweka moyoni. Anasema kwamba ilimtosha kumtazama baba yake ili ajue jinsi watakatifu wanavyosali. Hakusema kwamba baba alimweleza namna ya kusali. Alimtazama.

Ndugu wapendwa, hapa ndipo siri ya shule ya nyumbani ilipo. Kitabu chake cha kwanza ni uso wa mzazi. Mtoto husoma uso kabla ya kusoma herufi. Baba akisali huku anatazama saa, mtoto amekwisha kusoma. Mama akimpokea jirani kwa tabasamu na kumsengenya akishaondoka, mtoto amekwisha kusoma. Na baba akipiga magoti, yeye ambaye watu wote nyumbani humheshimu, mtoto anaelewa bila kuambiwa kwamba yupo aliye mkuu kuliko baba.

Tungeweza kuishia hapo, na nyumba ya Alençon ingebaki mioyoni mwetu kama picha nzuri ya ukutani. Lakini hatuwezi kumwacha mtoto mmoja tuliyemtaja kwa jina tu. Ni Léonie, binti wa tatu.

Léonie hakuwa kama dada zake. Alizaliwa dhaifu, aliugua mara nyingi, na kujifunza kulikuwa kugumu kwake. Dada zake wakubwa walisoma vizuri kwa watawa katika mji wa Le Mans, mahali alipokuwapo shangazi yao, yaani dada wa Zélie, aliyekuwa mtawa. Léonie naye alipelekwa huko, lakini akarudishwa nyumbani, kwa sababu hata shangazi yake, pamoja na upendo wake wote, alishindwa. Nyumbani alikuwa mkaidi na mwenye hasira. Mama yake aliandika barua nyingi juu yake, barua zenye machozi. Hakuelewa kwa nini mtoto huyo, aliyelelewa katika nyumba ile ile na kwa sala zile zile, amekuwa vile. Tunaamini kwamba wazazi wengi wanaotusikiliza wangeweza kuandika barua kama hizo.

Kisha, mwezi Machi 1877, miezi michache tu kabla ya Zélie kufariki, Marie aligundua jambo. Mtumishi wa nyumba, aliyekaa nao miaka mingi na kuaminiwa na wote, alikuwa amemtawala Léonie kwa vitisho. Alimlazimisha kumtii yeye kuliko mama, na mtoto alikuwa amekatazwa kusema lolote. Mtumishi yule alidhani kwamba anasaidia, kwamba ameweza kumnyosha mtoto aliyewashinda wengine. Zélie alipojua, aliumia sana moyoni. Aliandika kwamba ukatili haumwongoi mtu. Humfanya mtumwa tu. Akamkataza mtumishi yule kumsemesha mtoto, naye akamkumbatia Léonie na kukaa naye. Na mtoto akaanza kubadilika mbele ya macho yao. Alimsogelea mama yake, akamfungulia moyo, akawa hataki kumwacha hata kidogo. Lakini muda uliobaki ulikuwa mfupi. Kufikia mwisho wa Agosti mama alikuwa kaburini.

Wapendwa, tutafakari. Hii ilikuwa nyumba ya watakatifu. Ilikuwa na Misa ya alfajiri, sala ya jioni, mifungo na maua ya Mei. Na ndani ya nyumba hiyo hiyo, mtoto mmoja alikuwa akifundishwa somo lingine kabisa, somo la hofu, na wazazi hawakujua. Ikiwa liliweza kutokea kwao, sisi ni nani tuseme kwamba haliwezi kutokea kwetu?

Nasi tuna la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja cha mashambani, tulikuwa tukiwaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza. Kulikuwa na mvulana mmoja ambaye kila tulipomsimamisha mbele ya wenzake ili aseme Nasadiki, alitazama chini na kunyamaza. Wenzake walicheka, nasi hatukuwakataza kwa nguvu. Tulimwambia arudi mwaka ujao. Alirudi, na mambo yakawa yale yale, tukamwahirisha tena. Tulijiambia kwamba tunalinda heshima ya Sakramenti.

Baadaye tulikwenda katika nyumba hiyo kumpelekea mgonjwa Komunyo. Mgonjwa alikuwa bibi yake, mama mzee asiyeona, ambaye ndiye aliyemlea. Tulifika jioni, tukasikia Rozari inasaliwa ndani, tukasimama mlangoni ili tusiwakatize. Aliyeongoza alikuwa yule mvulana. Aliongoza kwa lugha ya kwao, taratibu, fumbo kwa fumbo, bila kukosea, naye bibi aliitikia. Alipomaliza alisali Nasadiki yote, kwa lugha ile ile aliyofundishwa na bibi. Alikuwa anaijua tangu mwaka wa kwanza. Kiswahili cha kitabu ndicho kilichomshinda, na macho yetu ndiyo yaliyomtisha.

Alipokea Komunyo ya kwanza Pasaka iliyofuata. Lakini bibi yake, aliyemfundisha sala zote hizo katika giza lake, alikuwa ameshafariki. Alitamani sana kuwapo siku ile. Sisi ndio tuliomcheleweshea siku hiyo, nasi tunaikumbuka kila tunapoona jina la mtoto limekatwa katika orodha ya mafundisho.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nao walisema kweli, kwa maana malezi hayangoji. Lakini mtoto si samaki. Ukimkunja kwa nguvu asikuletee shida, utakuwa umemkunja kweli, naye atabaki amekunjika. Ndiyo maana Mtume Paulo, katika somo la pili la leo, baada ya kuwataka watoto watii, hapo hapo anawageukia akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Paulo alijua kwamba mtoto anaweza kukata tamaa ndani ya nyumba ya Kikristo.

Basi tufanye nini? Tuseme mambo machache, ambayo kila nyumba inaweza kuyatimiza.

La kwanza, nyumba iwe na saa yake ya sala, hata kama ni fupi. Dakika kumi baada ya chakula cha jioni, redio imezimwa, hata redio hii inayowaletea mahubiri, na simu zimewekwa kando. Mtoto apewe zamu ya kuongoza, na asali kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Sikukuu nazo zionekane nyumbani: wakati wa Majilio watoto watengeneze pango kwa udongo na majani, Kwaresima kile tunachojinyima wakipeleke wao wenyewe kwa jirani mwenye shida, siku ya ubatizo ya kila mmoja ikumbukwe. Mambo haya hayana gharama, lakini mtoto hayasahau.

La pili, tujue ni nani anayefundisha nyumbani kwetu tukiwa hatupo. Wazazi wengi hutoka alfajiri na kurudi usiku. Katikati ya hapo mtoto yuko na nani? Anaona nini? Kwa nini amekuwa mkimya ghafla, au mkali ghafla? Zélie alikuwa mama mwangalifu kuliko wengi wetu, na bado hakujua. Tuwaulize watoto wetu kwa upole, na wakisema tuwaamini. Na tusisahau jambo hili: katika nyumba zetu nyingi, msichana wa kazi anayelea watoto wetu naye ni mtoto wa mtu, pengine hajafikisha umri wa binti yetu aliye sekondari. Je, yeye anaalikwa katika sala ya jioni, au wakati huo yuko jikoni anaosha vyombo? Anakula tunachokula? Analipwa haki yake? Tukimfundisha yeye somo la dharau, tusishangae akilipitisha kwa watoto wetu. Naye pia ni mwanafunzi wa shule hiyo ya nyumbani.

La tatu, tukikosa tukiri. Tunasoma kwamba usiku wa Noeli ya mwaka 1886, familia ya Martin iliporudi kutoka Misa ya usiku, Teresia alikuwa na miaka karibu 14 na bado aliweka viatu vyake penye meko ili vijazwe zawadi, kama ilivyokuwa desturi yao kwa watoto wadogo. Baba alikuwa amechoka, akatamka neno la kuchoshwa na desturi hiyo, na binti alilisikia akiwa ngazini. Ni baba huyo huyo ambaye uso wake ulifundisha sala. Kwa neema ya Mungu binti alimeza machozi, akashuka kwa furaha, naye aliuhesabu usiku huo kuwa mwanzo wa ukomavu wake. Lakini si kila mtoto atapewa neema ya namna hiyo. Mzazi anayeweza kumwambia mtoto wake, mwanangu nilikosea, nisamehe, amemfundisha Sakramenti ya Kitubio kuliko kitabu chochote.

La nne, nyumba isijifungie. Teresia alipopelekwa hatimaye shuleni, aliona taabu sana. Hakuzoea kundi la watoto, mmoja wao alimwonea wivu, naye aliitaja miaka hiyo kuwa ya huzuni kuu. Upendo wa nyumbani ulikuwa umempa mengi, lakini si kila kitu. Kanisa la nyumbani ni sehemu ya Kanisa kubwa, na kwetu daraja kati yao ni Jumuiya Ndogo Ndogo. Mtoto azoee kwenda huko na wazazi wake, asome somo, aseme nia yake, awajue wajane na wagonjwa wa mtaa wake. Hata Yesu alifunga safari ya Yerusalemu pamoja na msafara wa ndugu na jirani, wala si na baba na mama peke yao.

Nanyi makatekista wapendwa, mnaofanya kazi kubwa kwa malipo kidogo au bila malipo, tunawaomba jambo moja. Kabla hamjamwambia mtoto arudi mwaka ujao, nendeni kwanza nyumbani kwake. Ketini. Sikilizeni wanasali vipi, na kama hawasali, salini nao. Mtu mwingine alianza kumfundisha mtoto yule kabla yenu, kwa wema au kwa ubaya, nanyi mnajenga juu ya msingi wake. Utazameni msingi huo kwanza.

Na yule Léonie? Yeye ndiye aliyechelewa kuliko dada zake wote. Dada zake wanne waliingia utawa wa Karmeli huko Lisieux. Yeye alijaribu utawa mara tatu, na mara tatu akarudi nyumbani. Baba alikwisha kufa. Mwaka 1899, akiwa na miaka 35, alirudi kwa mara ya mwisho katika monasteri ya Caen, akabaki. Huko aliishi kwa unyenyekevu miaka zaidi ya 40, akifuata njia ndogo ya mdogo wake Teresia, hata alipofariki mwaka 1941. Mwaka 2015, ndio mwaka ule ule ambao wazazi wake walitangazwa kuwa watakatifu, Kanisa lilifungua rasmi mchakato wa kumtafakari yeye pia. Mtoto aliyerudishwa na shule, mtoto aliyemliza mama yake katika barua, leo wazazi wa watoto wenye shida wanakwenda kaburini kwake kumwomba awaombee.

Ndugu wapendwa, Maria na Yosefu hawakuelewa maneno ambayo Yesu aliwaambia hekaluni. Injili inasema hivyo bila kuficha. Lakini walishuka naye Nazareti, naye akawatii, na mama aliyaweka mambo hayo yote moyoni mwake. Tusipomwelewa mtoto wetu, tusimwachie njiani. Turudi naye nyumbani.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyetaka Mwanao alelewe katika nyumba ya watu maskini, uzitazame nyumba zetu. Uwape wazazi uvumilivu na nyuso zenye amani. Umlinde kila mtoto anayefundishwa hofu mahali ambapo hatuoni, na umtume mtu wa kumwona. Utusamehe sisi tuliowachelewesha wadogo wako. Uwapokee katika mwanga wako bibi na babu wote waliotufundisha kusali. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Na Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Tumsifu Yesu Kristo.